Kimbunga hutoa siku, upepo wa Kigoma hutoa dakika

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza kimbunga Bahari ya Hindi, simu za Kigoma nazo hazitulii. Ilikuwa hivyo Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya. Magrupu ya mtaani yalijaa watu wakiulizana kama watoto waende shule, kama mitumbwi ivutwe nchi kavu. Wenye ndugu Mafia na Kilwa walikuwa na haki ya kukosa usingizi. Wengine waliamini kabisa kwamba kimbunga chenyewe kinakuja hadi huku kwetu.

Hakifiki. Kimbunga kinapata nguvu kwenye maji ya bahari yenye joto, na kikishaingia nchi kavu kinaanza kudhoofika. Sisi tuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei, na baada ya hapo kikaisha nguvu. Lakini nawaomba ndugu zangu wa Kigoma tusilale kwa sababu hiyo. Nimekulia hapa, biashara yangu ni dagaa pale Kibirizi, na naamini kuna jambo moja ambalo sisi tuko pabaya kuliko watu wa pwani. Jambo hilo ni muda.

Kimbunga cha baharini kinaonekana kwa setilaiti siku kadhaa kabla. Kinapewa jina, kinafuatiliwa, taarifa inasomwa redioni asubuhi na jioni. Mtu wa Mafia anapata nafasi ya kuvuta ngalawa juu, kukaza paa, kuhamishia wazee kwa ndugu mwenye nyumba imara. Upepo wetu hauna jina. Unazaliwa ndani ya wingu la radi lililojijenga mchana huo huo juu ya ziwa au juu ya vilima. Mvua ikianza kushuka ndani ya wingu inaipoza hewa, na hewa baridi ni nzito, basi inaporomoka hadi chini na kutawanyika pande zote kwa kasi. Ndiyo maana joto linabana, hakuna jani linalotikisika, halafu ghafla ubaridi unakupiga usoni pamoja na vumbi kabla hata tone la kwanza halijadondoka. Kuanzia ubaridi ule hadi mabati kuruka, unazungumzia dakika chache tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unatoka hapo. Maandalizi ni kazi ya kiangazi. Wingu likishatanda, hakuna tena kupanda juu ya paa, hakuna kutafuta waya wala nyundo. Kazi iliyobaki ni kuingia ndani na kuhesabu watoto.

Mvua za msimu kwa sehemu kubwa ya mkoa wetu zinakwenda Novemba hadi Aprili au zaidi kidogo, na wenzetu wa Kibondo na Kakonko huwa wanatangulia kuzipata. Basi Agosti na Septemba ndiyo miezi ya paa. Mwite fundi apande, nawe simama chini umuulize.

La kwanza umuulize kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimefungwaje ukutani. Nyumba nyingi huku kwetu kenchi zimekaa tu juu ya ukuta, zimeshikwa na kipande cha waya mwembamba kilichozungushwa kwenye tofali la juu kabisa. Upepo ukipita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na ukiingia mlangoni unalisukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili zikikutana, paa linaondoka na kenchi zake na lile tofali. Kama unajenga sasa, dai utepe wa chuma au waya mnene uingizwe ndani ya zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, kisha uje juu ya kenchi na kugongomelewa pande zote mbili. Kama nyumba imeshasimama, waya upitishwe chini ya mistari kadhaa ya tofali, ili ukuta wenyewe uwe ndio uzito unaolishika paa. Ni gharama, najua. Lakini ni ndogo ukilinganisha na bei ya mabati ya leo.

La pili ni misumari. Msumari wa bati unapigwa kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni ambako maji yanapita. Ule uliochomoka kidogo ubadilishwe kwa mrefu zaidi, usirudishwe ndani ya tundu lile lile lililolegea. Na kwenye mapindo na pembe za paa, misumari iwe karibu karibu zaidi ya katikati, kwa sababu huko ndiko upepo unakoanzia kufunua. Ukiwa dukani, kumbuka kwamba geji 28 ni bati nene kuliko geji 30. Watu wengi wanadhani namba kubwa ndiyo bati gumu, na muuzaji asiye mwema hatawasahihisha.

La tatu ni baraza. Jirani yangu wa Gungu alijengewa baraza zuri pana, bati lake ni lile lile la nyumba kubwa limeendelezwa mbele juu ya nguzo mbili. Upepo uliliingia kwa chini, ukalikunja kuelekea nyuma kama ukurasa wa daftari, na paa la sebule likafuata. Mama wa watu alibaki na makochi yananyeshewa. Baraza lijengewe paa lake la pekee, lililo chini kidogo ya paa la nyumba. Likiondoka, liondoke peke yake.

Na tuache kuweka mawe na matairi juu ya mabati. Jiwe halizuii paa kung'oka. Linachofanya ni kushuka nalo, na chini kuna mtu.

Miti nayo iangaliwe mapema. Mwembe wenye tawi kavu linaloelekea chumba cha watoto ukatwe tawi hilo kiangazi, na mkaratusi uliopandwa ubavuni mwa nyumba mimi ningeung'oa kabisa. Mifereji izibuliwe pia, hasa kwa nyumba za tofali mbichi. Maji yanayosimama kwenye msingi yanaulainisha ukuta kidogo kidogo, halafu unaanguka usiku watu wamelala.

Sasa niseme na kina mama wenzangu wa Kibirizi na Katonga, maana hapa ndipo moyo wangu unapouma. Ngurumo ikisikika, watu wengine wanakimbilia ndani, sisi tunakimbilia nje. Dagaa wako kwenye chanja za kuanikia, mtaji wa mkopo uko kwenye chanja, marejesho ni wiki hii. Utamwona mama ameinama pale uwanjani, kanga kaifunga kiunoni, anakusanya dagaa kwa mikono miwili na kuwatupia kwenye karai, radi inapasua juu ya kichwa chake na bintiye wa darasa la tatu ameshika upande wa pili wa turubai. Turubai likijaa upepo linambeba mtoto yule. Nimeliona kwa macho yangu.

Dada zangu, mkopo unaweza kuombewa muda. Tukubaliane hivi: turubai lilale limefungwa upande mmoja wa chanja tangu asubuhi, kamba na vigingi vikiwa tayari, kila siku ya msimu, hata jua likiwaka. Wingu jeusi likionekana, dagaa wafunikwe wakati huo, bado hakuna ngurumo. Ukishasikia ngurumo, ya mbali au ya karibu, acha kila kitu. Radi inaweza kupiga mbali na mvua yenyewe, kwa hiyo ngurumo unayoisikia maana yake tayari uko ndani ya eneo lake. Usitoke mpaka ipite nusu saa bila ngurumo. Ukitaka kujua iko umbali gani, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mlio na ugawe kwa tatu, utapata kilomita. Usiku tukiona mwanga unametameta upande wa Kongo bila sauti, hiyo bado iko mbali, lakini ni onyo la kuanza kufunga vitu.

Kuhusu radi kuna mengi tumerithi. Kufunika kioo hakuizuii, kuvua nguo nyekundu hakuizuii. Mti mrefu unaiita, na kusimama chini ya mwembe kujikinga mvua ni hatari kubwa kuliko kulowa. Gari lililofungwa lina usalama, bodaboda na bajaji hazina. Ndani ya nyumba, chomoa televisheni na king'amuzi mapema, usiwe unaoga wala kuosha vyombo kwenye bomba la chuma. Na mtu akipigwa na radi, mshikeni! Mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, asaidiwe kupumua na kifua kikandamizwe huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Dakika zinazotumika kubishana nani kaituma ndizo zinazomuua.

Kwa wavuvi sina mengi, wao wanalijua ziwa kuliko mimi. Ninachowaomba ni kusikiliza utabiri kabla ya kuwasha taa za uvuvi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa ya hali mbaya ya hewa kwa siku tano mbele, ikiwa na rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usiseme njano ni ndogo. Wimbi la mita 2 linamzidi mtu mzima urefu. Na sisi abiria tunaopanda boti Kibirizi kwenda Kagunga au kushuka kusini, jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa kamba, lisiwe mto wa kukalia. Mtoto apewe la saizi yake, kwa sababu la mtu mzima linamtoka kichwani akiingia majini. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Nauli utaidai baadaye.

Tuje ndani ya nyumba. Funga milango na madirisha yote. Wapo wanaosema dirisha moja liachwe wazi ili upepo upite. Hapana, huko ni kuufungulia njia ya kulisukuma paa kutoka chini. Kaeni chumba cha katikati au korido, mbali na vioo na mbali na ule ukuta wa ubavuni unaopanda hadi kileleni mwa paa, maana huo ndio huanguka kirahisi. Paa likianza kung'oka, ingieni chini ya kitanda cha mbao au meza nzito. Kuna jambo lingine linalofanyika kimya kimya: mvua inanyesha, jiko la mkaa linaingizwa ndani, madirisha yamefungwa. Hewa ya mkaa inayoua mtu haionekani na haina harufu. Afadhali watoto wale mkate na chai ya chupa kuliko jiko kuwaka chumbani.

Vitu vya kuwa tayari msimu mzima si vingi. Vitambulisho vya NIDA, vyeti, kadi za kliniki na karatasi za kiwanja vikae kwenye ndoo ya rangi iliyosafishwa, yenye kifuniko cha kubana. Tochi, redio ya betri, dawa za mwenye presha au sukari, na madumu ya maji ya kunywa, kwa sababu umeme ukikatika bomba nalo hukauka. Simu ichajiwe asubuhi ukiona kumekucha na joto la kubana.

Kwa ndugu wa pwani watakaosoma hapa, au wewe mwenye shangazi Lindi wa kumpigia simu: mwambie tangazo likitoka aondoke maeneo ya chini karibu na maji mapema, kwa sababu bahari yenyewe hupanda ikisukumwa na upepo. Na upepo ukinyamaza ghafla katikati ya dhoruba asitoke, huenda ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili kwa nguvu zile zile. Mvua ya kimbunga nayo inaenda mbali kuliko upepo wake. Machi 2023 Kimbunga Freddy kiliua watu wengi Malawi, nchi isiyo na bahari, kwa mafuriko na vilima vilivyoporomoka Blantyre. Hata sisi, vimbunga vikikaa upande wa mashariki wa Madagaska vinaweza kuvuta hewa yenye unyevu kutoka Kongo ikapita juu yetu. Aliyejenga kwenye mteremko au kando ya korongo asidhani habari za Bahari ya Hindi hazimhusu.

Dhoruba ikishapita, usitoke kwa pupa. Waya wa umeme ulioanguka uchukuliwe kuwa unawaka hata kama taa za mtaa mzima zimezima, na bati lililolalia waya ni sawa na waya wenyewe. Korongo lenye maji ya kasi lisivukwe, hata kama hayajafika magotini, yanaangusha mtu mzima. Maji ya kisima kilichoingiwa na mafuriko yachemshwe au yatiwe dawa, maana kipindupindu tunakijua. Zimamoto na Uokoaji namba yao ni 114, polisi 112. Ukuta wa tofali mbichi uliolowa unaweza kusimama usiku kucha na kuanguka mchana jua linapoukausha, kwa hiyo lala kwa jirani mpaka fundi auone.

Siku hiyo hiyo piga picha kwa simu, paa, kuta, vitu vilivyoharibika, kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji waandike jina lako. Orodha yao ndiyo inayopelekwa kwenye kamati ya maafa ya wilaya, na aliyechelewa kuandikwa hukuta mgao wa maturubai umekwisha. Ukiwa njiani, pita kwa bibi anayeishi peke yake, mpigie picha nyumba yake, naye mwandikishe.