Muulize Anko: Stelingi Hafi, Sawa, Ila Stori Nayo Ikifa Je?

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka huku kwetu mwisho wa reli na chache Tabora. Naanza na ya kinyozi, ndo ndefu na ndo inauma kuliko zote.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi ni kinyozi hapa Mwanga, Kigoma, saluni yangu ina kiti kimoja, benchi la kusubiria na tivii ya inchi 32, na nikiwa mkweli wateja wanafata tivii kuliko nywele. Miezi miwili iliyopita jamaa anayejaza muvi akaniwekea kwenye flashi anime, yani katuni ya Kijapani, ya maroboti na vita vya angani inaitwa Aldnoah.Zero, epi 24, akaniambia hii utakuja kunishukuru. Sasa yale maandishi ya chini ni ya kingereza na benchi langu kingereza hakipandi, kwahiyo mimi nanyoa huku natafsiri. Epi 12 za kwanza Anko watu wakishanyolewa hawaondoki, kuna mzee mmoja mvuvi mpaka mtumbwi ukamwacha. Mwisho wa ile ya 12 binti mfalme anapigwa risasi, stelingi naye anapigwa ya jicho, saluni ikawa kimya kama msibani. Nikafungua ya 13. Wazima wote! Kuanzia hapo watu wananiuliza maswali sina majibu, stori haieleweki inaenda wapi, ikabidi nianze kutunga, yani mtu kwenye tivii anaongea lake na mimi naongea langu. Nikawaambia yule dada mwenye nywele nyekundu, Rayet, amekaa kimya anapanga kulipiza kisasi cha baba yake. Ikaisha hajalipiza chochote. Sasa hivi nusu ya benchi wananiita muongo, nusu wanadai sehemu ya tatu ambayo haipo. Swali langu, ni mimi sikuelewa au hii kitu ni mbovu? Na ni kweli mwandishi aliikimbia katikati?
Kinyozi wa Mwanga

JIBU: Marahaba. Ulielewa vizuri tu, na nitakwambia kwanini, ila ngoja kwanza nimpe stori msomaji ambaye hajaiona asije akatuona vichaa.

Kwenye dunia yetu hii Apollo 17 ilienda mwezini Desemba 1972 na mpaka inarudi hiyo ndo ilikuwa safari ya mwisho ya watu kutua kule. Hii anime inaanzia hapo hapo, inasema wale jamaa walikuta geti la kale kule mwezini, ukipita unatokea sayari ya Mars. Watu wakahamia, wakakuta teknolojia ya watu waliokufa zamani, wakajifanyia ufalme wao unaitwa Vers na kuanza kutudharau sisi wa duniani. 1999 ikapigwa vita, geti likalipuka, mwezi ukapasuka, na makamanda wa Mars ambao ni kama machifu kila mtu na ngome yake wakabaki wananing'inia angani hawawezi kurudi kwao. 2014 binti mfalme Asseylum anashuka kuleta amani, msafara wake unapigwa makombora, machifu wanapata sababu, wanatushukia. Na yenyewe ilirushwa Julai 2014, yani mwaka ule ule wa kwenye stori. Mpaka hapo hakuna mtu anaweza kuniambia wazo ni baya.

Na mwanzo waliutendea haki. Unakumbuka roboti la kwanza, Nilokeras? Lile ambalo kila kinacholigusa kinamezwa, risasi zinapotea, ukuta unapotea. Wanajeshi wanapiga wee wanachoka. Mbele yake anasimama stelingi mwenyewe, mwanafunzi anaitwa Inaho na roboti la rangi ya chungwa, la kujifunzia, sawa na mtu akupeleke vitani na gari la driving lenye L mgongoni. Dogo hana silaha ya maana, ana swali moja tu: kama hili dude linameza kila kitu mpaka mwanga na mawimbi ya redio, huyu dereva ndani anaonaje nje? Maana yake kuna sehemu pako wazi, lazima. Akaliangusha majini na maji yakaonyesha palipo wazi. Basi. Masikini amemshinda tajiri kwa kuuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la sita angeweza kuuliza kama angetulia. Ndo maana benchi lako halikuondoka, kila mtu pale alikuwa anajiona na yeye angeweza.

Afu sehemu ya pili, ile ya kuanzia epi ya 13, wakamfanyia nini? Amepigwa jicho la kushoto, wakamwekea jicho la kompyuta. Linapiga hesabu za upepo, umbali, mpaka linajua kama mtu anadanganya. Kwahiyo sasa anacheza karata na nyuma yako kuna kioo. Kila wiki roboti jipya lenye ujanja wake mmoja, jicho linalisoma, linakufa, wiki ijayo lingine. Wewe kinyozi ulikuwa unatafsiri hesabu, kwanini watu wasisinzie.

Mimi sina shida na stelingi kutokufa, tumekua na muvi za Kihindi, tunajua stelingi hafi, hata akimwagiwa risasi gunia zima atashika bega na kuendelea kuimba. Shida ni kuwaliza watu afu unarudisha kila kitu bure. Binti mfalme alikuwa kwenye tenki la maji amelala, anakuja kuamka siku stori inapomhitaji. Na usisahau waliotazama Japani walisubiri kuanzia Septemba 2014 mpaka Januari 2015 wakiwa na ile picha ya damu kichwani, wewe ulifungua faili jingine sekunde tano. Wao ndo walipigwa.

Kuhusu mwandishi. Hilo jina unalolisikia ni Urobuchi Gen, yule wa anime nyingine, Madoka Magica ya 2011, na kweli wazo la stori ni lake na skripti za epi tatu za mwanzo ni zake, baada ya hapo kazi ikashikwa na Takayama Katsuhiko. Mashabiki wengi wanambebesha Takayama gunia lote. Mimi hapo siungani nao, kwa sababu epi ya 4 mpaka ya 12 hazikuandikwa na Urobuchi na mzee wa watu bado aliachwa na mtumbwi. Kilichoharibika ni kwamba walikuwa na watu wazuri wakaacha kuwatumia.

Na hapa ndo nakuja kwa Rayet wako. Huyu dada baba yake alikuwa mpelelezi wa Mars, akafanya kazi aliyotumwa, afu wakubwa wake wenyewe wakamuua kuficha ushahidi, binti anaona. Anajikuta anaishi meli moja na binti mfalme wa hao hao. Kuna epi wako bafuni, Asseylum anaongea maneno mazuri mazuri ya amani, na Rayet anashika mkufu wa shingoni kwa mwenzake anavuta, anavuta mpaka yule moyo unasimama kabisa, na kwa vile injini ya meli inategemea uhai wa binti mfalme, meli nzima inazima taa. Aisee. Ile ni sekunde chache inakuonyesha hasira ya mtu mmoja inaweza kuzima chombo kizima, hakuna aliyepiga hotuba. Baadae Inaho anamfufua kwa kumkandamiza kifua. Sasa mtu wa namna hiyo sehemu ya pili wanamfanya awe wa kujaza kiti, anaonekana pembeni pembeni amebeba silaha, anasema sentensi mbili. Wewe ulivyodanganya kwamba anapanga kisasi ulikuwa unaziba pengo ambalo mwandishi mwenyewe aliliacha wazi, kwa hiyo nusu ya benchi wanaodai sehemu ya tatu wanadai kitu cha haki kabisa, wanakidai tu kwa mtu asiye sahihi.

Slaine, yule kijana wa upande wa Mars, nae ukimuangalia ni mtu, kazaliwa duniani kalelewa Mars, anachapwa kama punda, baadae anamuua mpaka yule aliyemfanya mtoto wake, halafu anapanda cheo. Huyo ndo aliibeba sehemu ya pili mgongoni. Lakini yote anayafanya kwa ajili ya Asseylum, na Asseylum mwishoni anaolewa na Klancain, kijana aliyetokea wakati watu washaanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Na Lemrina, mdogo wake wa baba mmoja, yule wa kiti cha magurudumu aliyekuwa anajifanya ndo Asseylum, anaondoka kwenye stori hata kuagwa haagwi.

Muziki ni wa Sawano Hiroyuki na muziki ule ni muongo kuliko wewe. Jaribu kuzima sauti sehemu ya pili yote uangalie picha tu, utaona watu wanatembea kwenye korido.

Kwa benchi lako nenda kawaambie ukweli, ila Rayet usimfute. Waambie hicho kipande ni cha saluni.

SWALI: Habari za kazi Anko, mimi ni mama wa watoto watatu niko Isevya, Tabora. Mwanangu wa miaka 12 hana habari na kitu kingine ni maroboti tu, na nimegundua kila siku anayeendesha ni mtoto. Hivi wazazi wao wako wapi?
Mama wa Isevya

JIBU: Nzuri mama yangu. Wazazi huwa wamekufa epi ya kwanza au ndo waliotengeneza roboti, hakuna njia ya tatu. Sababu yenyewe ni biashara. Mazinger Z ya Nagai Go, 1972, ilikuja na hii staili ya kijana kuingia kichwani mwa roboti na kuliendesha kama gari, watoto wakachanganyikiwa, midoli ikauzwa, na tangu hapo aliyekuwa anatoa hela ya kipindi mara nyingi ni mwenye kiwanda cha midoli. Mnunuzi ana miaka 10, basi dereva awe na 15 ili mnunuzi ajione kesho yake.

Ila sio kwamba kila mara ilikaa kibiashara tu. 1979 Tomino Yoshiyuki alitoa Gundam, dereva Amuro Ray ana miaka 15 na vita vinamvuruga akili kweli kweli, mtoto analia, anagoma, anatoroka. Watazamaji wakawa wachache, midoli haiendi, epi zilipangwa 52 zikakatwa zikawa 43. Halafu 1980 Bandai wakaleta vile vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, vikauzwa mno, na Gundam mpaka leo inatengenezwa. Kwahiyo mama hiyo iliyokatwa ndo ikaja kuzaa ukoo mzima. Mwanao akiomba vya kuunganisha mwambie aanze na boksi na gundi, wengi wetu tulianza na magari ya mabua.

SWALI: Anko angani hakuna hewa, mlipuko unasikikaje?
Form Two, Tabora

JIBU: Hausikiki. Sauti inahitaji kitu cha kupita, kule hakipo. Wanaweka sauti maana bila hiyo utadhani spika imekufa. Kama unataka anga ya kweli kweli tafuta Planetes, 2003 mpaka 2004, epi 26, haina roboti hata moja la kupigana. Ni wazoa taka wa angani mwaka 2075, kazi yao kuokota vyuma vilivyobaki kwenye mzunguko wa dunia, maana skrubu moja tu kwa spidi ya kule inaua chombo cha abiria. Mshahara mdogo, ofisi yao iko chini kabisa, bosi hawajali. Yani utawaelewa kuliko mabinti wafalme wote wa Mars.

SWALI: Mwanangu nakusalimu. Mimi ni mvuvi hapa Kibirizi. Kuna kinyozi mmoja alituonyesha sinema ya watu wa kwenye nyota, nilikosa mtumbwi siku hiyo kwa ajili yake lakini sio neno. Nina maswali mawili. La kwanza, mwezi wao ulivunjika, sasa dagaa wanavuliwaje? La pili, yule binti mwenye nywele nyekundu, kisasi chake alikilipa?
Mzee wa Kibirizi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hilo la kwanza sijawahi kuulizwa na mtu yeyote na nimekaa nalo siku mbili. Nyie mnavua na taa, dagaa wanafata mwanga, mbalamwezi ikiwaka taa zenu hazionekani ndo maana mwezi mpevu mnapumzika mnashona nyavu. Sasa mwezi ukipasuka vipande havipotei, bado vinaakisi mwanga wa jua, na vikitawanyika kuzunguka dunia nzima giza la kweli lingekuwa la shida, mngekuwa mnashona nyavu kuliko kuvua. Watu wa baharini wao maji kupwa na kujaa yangepungua sana, huku kwetu Tanganyika tusingeona tofauti kubwa.

La pili, hapana mzee. Hakulipa.