Swindon na Crewe: nyumba alilipia nani?

SWALI: Nimesoma kuwa Swindon na Crewe, miji ya reli ya Uingereza, ilizaliwa na karakana za vichwa vya treni. Je, ilijengwa na kujaa watu kwa njia moja?

JIBU: Upande wa karakana, ndiyo. Zote mbili zilianza kazi mwaka 1843, na mahali palichaguliwa kwa hesabu ya treni. Septemba 1840 Daniel Gooch, msimamizi wa vichwa vya treni wa kampuni ya reli ya Great Western, alimwandikia Brunel, mhandisi wa kampuni hiyo, akipendekeza Swindon. Njia ya Gloucester ilichepukia hapo, mfereji wa kuletea makaa ulikuwa jirani, na vichwa vya treni vilipaswa kubadilishwa: kutoka London reli ni karibu tambarare, kuelekea Bristol ina miinuko mikali. Crewe ilikuwa mashamba matupu yaliyopitiwa na reli ya kampuni ya Grand Junction tangu 1837. Njia za Chester na Manchester zilipoungana nayo hapo, kampuni hiyo ikahamisha karakana yake kutoka Edge Hill, Liverpool, pamoja na mafundi na familia zao.

Tofauti iko kwenye nyumba. Kampuni ya Great Western ilikuwa imekaukiwa na fedha, basi ikawaachia makandarasi J. & C. Rigby wajenge stesheni na nyumba karibu 300 kwa gharama zao. Malipo yao yakawa kodi za nyumba hizo na mgahawa wa stesheni kwa miaka 99, kwa sharti kwamba treni za kawaida za abiria zisimame hapo dakika 10 ili watu wale. Mkataba wa ajabu! Mafundi walifika kabla nyumba hazijatosha, wakabanana vyumbani. Na lile sharti liliichelewesha reli nzima hadi 1895, kampuni ilipojikomboa kwa pauni 100,000.

Huko Crewe kampuni ya Grand Junction ilijenga yenyewe, na nyumba zikafuata cheo: wakubwa kwao, vibarua kwao. Ikaleta maji, gesi, shule na kanisa. Ubaya wake ni kwamba mwajiri ndiye huyohuyo mwenye nyumba. Miaka ya 1880 Waliberali wa Crewe, yaani wafuasi wa chama cha Liberal, walilalamika kuwa wakubwa wa karakana wanawabana wafanyakazi kisiasa. Swindon mji wa kale ulikuwepo tayari kilimani, wenye soko na utawala wake. Mji mpya wa reli uliendelea peke yake huko chini, na miji hiyo miwili haikuunganishwa hadi 1900.