Kabla ya Kufuata Nyayo za James Bond, Itazame Filamu Upya

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia ujumbe mrefu akiniomba nimpitishie macho ratiba ya safari yake. Amejiwekea akiba kwa miaka minne, viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza katika nchi nyingi za Ulaya, ameshaipata, na katika siku 9 anakusudia kufika kilele cha Schilthorn na barabara ya mlimani ya Furka nchini Uswisi, Sölden nchini Austria, Venice na Matera nchini Italia, kisha amalizie kwenye nyumba za watawa za Meteora nchini Ugiriki, kote huko akifuata mahali zilipopigwa picha za filamu za James Bond. Safari inaanza tarehe 12 Mei. Nilipoiona tarehe hiyo niliweka simu mezani nikaenda kuchemsha chai, maana aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na mimi nyoka wangu aliniuma Furka, mwezi huo huo wa Mei.

Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo, kwa hiyo sitajieleza sana. Kwangu ilianzia kwenye kibanda umiza kimoja cha Ngamiani, Tanga, kiingilio shilingi mia, mabenchi ya mbao, feni moja iliyokuwa ikizunguka pale inapojisikia, na mtafsiri aliyetuhakikishia kila baada ya dakika kumi kwamba stelingi hafi. (Mwaka 2021 stelingi alikuja kufa kwelikweli. Nilisikitika kana kwamba tumefiwa nyumbani.) Usiku mmoja iliwekwa Casino Royale, ile ya mwaka 2006, na mapema kabisa maandishi yakatokea kwenye kioo: Mbale, Uganda. Ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha, kwa sababu hatimaye Bond alikuwa amekuja jirani kwetu. Ni mtu mmoja tu aliyesimama kupinga, dereva wa malori aliyekuwa jirani yetu, ambaye watoto wote wa mtaa tulimwita Anko. Alisema kwa sauti: "Hapo si Mbale. Mbale mimi nalala kila mwezi, naijua." Alizomewa mpaka akaketi, na mimi, niliyekuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa miongoni mwa waliomzomea kwa nguvu zaidi.

Leo naishi Slough, Uingereza, ambako nafanya kazi ya kuhudumia wazee, mara nyingi zamu za usiku. Fedha ya safari yangu ya kwanza niliipata kwa zamu za ziada za miezi minane, na sehemu ya kwanza ya fedha hiyo ilipotea kwa uzembe wangu mwenyewe. Nililipeleka ombi la viza kwenye ubalozi wa nchi ambayo nilikuwa nilale usiku mmoja tu, kwa sababu huko nafasi za miadi zilipatikana haraka, nikanyimwa. Kanuni iko wazi kwa anayejisumbua kuisoma: unaomba viza kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, bima yako ya safari iwe na thamani isiyopungua euro 30,000, na ada, ambayo sasa kwa mtu mzima ni euro 90, hairudishwi hata ukinyimwa. Niliomba tena kwa utaratibu unaotakiwa, nikapata. Mambo ya ndege na vyumba sina haja ya kuyasimulia.

Nilikuwa nimechagua Furka kwa sababu ya Goldfinger ya mwaka 1964. Bila shaka mnaikumbuka sehemu ile: Sean Connery, Bond wa enzi hizo, yuko juu mlimani na gari lake la Aston Martin DB5 la rangi ya fedha, chini yake barabara imejikunjakunja kama utumbo, Rolls-Royce ya Goldfinger, adui wake, inapanda taratibu kisha inasimama ili mwenyewe anunue matunda kando ya njia, na ghafla risasi inalia kutoka juu. Nilitaka kusimama pale pale. Nilishuka kwenye treni kijiji cha Realp saa nne asubuhi nikiwa nimevaa raba za kitambaa, na begini nikiwa na suti nyeusi pamoja na tai ya kipepeo niliyoinunua kwenye duka la mitumba, tayari kwa picha. Hapakuwa na basi. Nilitembea mpaka mwisho wa nyumba nikakuta kizuizi kimewekwa katikati ya barabara, na nyuma yake lami ikaendelea mita chache kabla ya kumezwa na theluji.

Alikuwapo mwanamume mmoja aliyevaa koti la rangi ya machungwa akipaka mafuta mtambo wa kuondolea theluji. Kijerumani changu ni cha salamu tu, na Kiingereza chake kilikuwa kama Kijerumani changu. Alinitazama usoni, akazitazama raba zangu, kisha akatumia kidole kuandika neno moja kwenye vumbi la mlango wa gari lake: Juni. Alipoona bado nimeduwaa aliongeza alama ya kuuliza mbele yake. Hiyo ndiyo Furka, ndugu zangu. Barabara inafika mita 2,429 juu ya usawa wa bahari, inafungwa majira yote ya baridi, na kufunguliwa kwake kunategemea theluji ya mwaka husika, si likizo yako wewe. Treni yenyewe haipandi huko, inapita chini ya mlima ndani ya handaki la zaidi ya kilomita 15, kwa hiyo hata ukinunua tiketi ya kuvuka utaona giza na sura yako mwenyewe kwenye kioo.

Niliketi kituoni Realp karibu saa mbili nikila mkate na jibini, na sitaona haya kusema kwamba machozi yalinilengalenga. Ni hapo, kwa ajili ya kujifariji tu, nilipoifungua Goldfinger kwenye simu na kuitazama upya ile sehemu ya Furka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nikagundua kwamba Bond pale amevaa koti la kawaida la mchana. Suti nyeusi niliyoibeba kutoka Slough ilikuwa ya filamu iliyojitunga kichwani mwangu. Ushauri wangu wa kwanza, ambao kwa kweli ndio wa pekee na mtausikia tena, ni huu: itazame upya sehemu unayoifuata, dakika kwa dakika, kabla hujalipa chochote.

Siku mbili zilizokuwa zimebaki niliziokoa kwa ramani ya reli. Kutoka Realp nilirudi Andermatt, nikashuka Göschenen, nikavuka Gotthard hadi Bellinzona na kuishia Locarno, na jioni ile ile niliyoanza kwa theluji niliimaliza kando ya ziwa lililopandwa miti ya jamii ya mitende, nikaikumbuka Tanga mpaka kifua kikabana. Asubuhi yake nilipanda basi la bonde la Verzasca. Bwawa liko mwanzoni mwa bonde, na mtu yeyote anaweza kutembea juu ya ukuta wake. Upande mmoja maji yametulia, ya kijani, karibu uyaguse. Upande wa pili hakuna kitu: ukuta wa zege uliopinda unashuka mita 220 mpaka kwenye mawe, na upepo unapanda kutoka huko chini ukiwa baridi hata siku ya jua. Hapa ndipo GoldenEye ya mwaka 1995 inapoanza, Bond anakimbia juu ya ukuta, anafunga kamba, anajitupa. Aliyeruka hasa hakuwa Pierce Brosnan, alikuwa Wayne Michaels, mtaalamu wa michezo ya hatari, na filamu inatuambia kwamba hapo ni Arkhangelsk, Urusi.

Safari hii nilikuwa nimejifunza. Usiku hotelini nilizisimamisha picha tatu za mwanzo wa filamu na kuzihifadhi kwenye simu, na pale bwawani nilitembea nikiwa nimeinyoosha simu mbele yangu, hatua moja mbele, mbili nyuma, kushoto kidogo, mpaka mstari wa mlima uliokuwa ndani ya kioo ukalingana na mstari wa mlima uliokuwa mbele ya macho yangu. Ilinichukua dakika arobaini. Msichana mmoja aliyekuja kuruka kwa kamba ya mpira alisimama jukwaani karibu nami, akajiachia, nami nikahesabu moja mpaka saba kabla ya kamba kuanza kumvuta juu. Mimi sikuruka, wala sikusudii kuruka. Lakini mahali iliposimama kamera nilipapata, peke yangu, bila kiongozi wa watalii na bila kumlipa mtu senti, na picha niliyoipiga pale ndiyo iliyofungua ukurasa huu mnaousoma.

Picha hiyo hiyo niliipeleka kwenye kundi la familia. Shemeji yangu mmoja alijibu baada ya dakika tatu kwamba fedha ya kwenda kuangalia ukuta ingetosha mabati ya nyumba ya mama. Watu kumi na mmoja waliuona ujumbe ule na hakuna aliyesema neno, ingawa wanne kati yao walijua kwamba mabati nilikuwa nimekwisha kuyapeleka tangu Januari, na wawili walikuwapo yakipigiliwa. Sijalisahau. Mkitaka kusafiri, msisubiri familia iwaelewe. Timiza wajibu wako kwanza, wala usimwombe mtu radhi kwa starehe uliyoilipia kwa zamu za usiku. Mwenye kusema atasema hata ukienda kuhiji.

Turudi kwenye ratiba ya kijana wetu. Schilthorn abaki nayo, kwa sababu pale filamu na mahali ni kitu kimoja: mgahawa unaozunguka ulio juu ya kilele cha mita 2,970 bado unaitwa Piz Gloria, jina uliopewa na filamu ya mwaka 1969 ya George Lazenby, ambayo watengenezaji wake walichangia gharama za kulikamilisha jengo ili waruhusiwe kulitumia. Mimi nilikwenda huko mwaka mmoja baada ya safari yangu ya Furka. Asubuhi ya siku ya kupanda tazama kwanza kamera za mtandaoni zinazoonyesha kilele kilivyo saa hiyo, na ukiona weupe mtupu baki chini, maana nauli ya vile vigari vya kuning'inia si ya kuchezea na ukungu haukurudishii kitu. Matera ni mji mzuri, lakini lile daraja ambalo Bond anajirusha kutoka juu yake katika No Time to Die liko Gravina, mji mwingine kabisa, na siku moja ya Matera haimtoshi kufika kote kuwili. Austria, Venice na Ugiriki azifute. Siku 9 zinatosha sehemu tatu za filamu zilizotazamwa vizuri, na hata hizo tatu azitazame upya kabla ya kuondoka. Furka aisogeze Julai au aiache.

Hadaa za namna hii zimejaa, na hazina ubaya ukizijua mapema. Watu wanaingia Glen Etive, Uskochi, wakiitafuta nyumba ya utotoni ya Bond inayoonekana katika filamu ya Skyfall. Barabara na milima wataviona, lakini nyumba ilijengwa Surrey, kusini mwa Uingereza, kwa ajili ya kuchomwa moto kwenye filamu. Zile mbio za ajabu za Madagaska katika Casino Royale zilipigwa Bahamas. Kwa upande mwingine, benchi ambalo Bond anakutana na Q, mtengenezaji wa vifaa vyake vya kijasusi, katika Skyfall liko London, chumba namba 34 cha National Gallery, mbele ya mchoro wa Turner wa meli kuukuu ikikokotwa kwenda kuvunjwa, na kuingia ni bure. Mimi nilikaa Uingereza miaka mitatu kabla ya kwenda kuketi pale, kwa sababu niliamini kwamba kitu cha bure kilicho karibu hakiwezi kuwa safari.

Na hilo ndilo lililonipata kwa Black Park. Ni msitu wa misonobari wenye ziwa dogo, unaopakana na studio za Pinewood, dakika 25 kwa baiskeli kutoka ninapoishi, na nilikuwa nikienda huko kupumzisha kichwa baada ya zamu bila kujua lolote. Niliporudi kutoka Uswisi, nikiwa bado na uchungu wa Furka, nilianza kusoma Goldfinger ilipigwa wapi na wapi, nikakuta kwamba ule msitu wa usiku ambamo Aston Martin inakimbizwa, ambao sisi watazamaji tunaambiwa uko Uswisi, ni Black Park. Niliendelea kusoma mpaka Casino Royale. Kambi ya waasi ya Mbale, Uganda, ni Black Park.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na simu yangu yenye picha zilizosimamishwa, nikapiga picha ya njia ya mchanga, misonobari, na mzee mmoja wa Kiingereza akimtembeza mbwa mwenye miguu mifupi. Namba ya Anko niliipata kwa mama. Nilimtumia picha na maelezo ya sentensi mbili, nikamwomba radhi kwa kelele za mwaka ule. Amestaafu sasa, anauza vipuri. Alijibu usiku kwa ujumbe wa sauti wa sekunde tisa. Nyuma yake nasikia watu na redio, naye anawaambia, si mimi anayeniambia: "Njooni muone. Si niliwaambia? Mbale ina migomba."