Reli juu ya bamba la zege darajani: usiishie kwenye joto

Ndugu, umeuliza kama inatosha kukagua kutanuka kwa daraja kwa joto, kwa kuwa njia yako ni ya bamba la zege, haina kokoto. Haitoshi.

Joto lenyewe ni hesabu nyepesi: sitaha (sakafu ya daraja inayobeba njia) ya zege ya mita 60, ikipata badiliko la nyuzi 30, hurefuka kama milimita 18. Kinachosumbua zaidi ni mzigo wa treni. Sitaha ikipinda katikati, ncha zake huzunguka juu ya beringi (vikalio vinavyoishikilia juu ya nguzo), na kipande kinachochomoza nje ya beringi huinuka. Kokoto zingejipanga upya kidogo. Bamba halina huruma hiyo, kwa hiyo vifungio vinavyoshika reli kwenye bamba, vilivyo jirani na mwanya wa mwisho wa sitaha, hubeba nguvu ya kuvutwa juu, na ndivyo hulegea mapema. Anza ukaguzi hapo. Fupisha kipande hicho ukiweza, au ongeza ugumu wa sitaha.

Halafu kuna breki za treni, ambazo husukuma reli kwa urefu wake. Usikokotoe joto, breki na mpindo kila kimoja peke yake kisha ukajumlisha, maana ukinzani wa vifungio dhidi ya reli kuteleza hauendi kwa mstari mnyoofu. Mwongozo wa 774-3 wa UIC (Muungano wa Kimataifa wa Reli) huchukua ukinzani huo kuwa kilonyutoni 40 kwa kila mita ya njia ya bamba isiyo na treni, na 60 ikiwa na treni. Kifungio kikishateleza, hesabu ya awali imekufa.

Viungio vya kutanukia vya reli, yaani sehemu zinazokata reli ili ipate kusogea, viwe chaguo la mwisho. Matengenezo yake ni kero.