Maswali yenu: Kwenye maonyesho makubwa ya sanaa nimtafute nani?

Toleo lililopita niliyataja kwa mistari miwili tu maonyesho ya 1-54 ya London, yale ya kuuza sanaa ya Afrika, nikidhani yatapita kimya, kumbe nimefungua bomba. Nimechagua maswali matano, mengine yalikuwa yanafanana.

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi wa kumi nitakuwa London kwa mambo mengine kabisa na nina nafasi ya masaa mawili matatu hivi ya kwenda kwenye hiyo 1-54. Sanaa sijasomea, naogopa nitazunguka naangalia rangi tu nitoke kama nilivyoingia. Nimtafute nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza toa hofu, masaa matatu yanatosha kabisa. Art Basel ya kule Uswisi, iliyoanza 1970, ina galari (wale wauzaji wa kazi za wasanii) zaidi ya 200 na hapo miguu ndo inakoma, lakini 1-54 ni ndogo, iko ndani ya Somerset House, jengo la zamani pembeni ya mto Thames, vyumba vidogo vidogo unaingia huku unatokea kule. Aliianzisha Touria El Glaoui mwaka 2013, na jina lake ni hesabu tu, bara moja nchi 54. Baadaye ikaenda New York 2015 na Marrakech 2018.

Sasa kuhusu majina, nitakupa, ila usiende umeyashika kama orodha ya sokoni, maana kila mwaka galari zinaleta watu tofauti na unaweza kukuta uliyemfuata hayupo. We nenda na swali moja mdomoni: hiki kitu kimetengenezwa na nini, na kwanini hicho na sio kingine? Mi miaka yote hilo ndo swali ambalo halijanitupa. Ukiliuliza kwa kazi ya maana linakufungulia mlango, ukiliuliza kwa kazi ya kukopi kopi linagonga ukuta, muuzaji anaanza kukwambia habari za soko badala ya habari za kazi yenyewe.

Chukua mfano wa Michael Armitage, kazaliwa Nairobi 1984. Ukisimama mbali unaona mchoro wa rangi ya mafuta, mzuri, watu wapo kwenye mkutano wa siasa au nyani kakaa zake, lakini sogea karibu (karibu kabisa ila usiguse!) utaona tundu, utaona mshono unapita katikati ya uso wa mtu. Hachori kwenye kanvasi. Anachora kwenye lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba ya Waganda, inayopondwa kwa nyundo ya mbao mpaka ilainike, na ambayo kwa karne nyingi watu wamezikiwa ndani yake. Yeye alikutana nayo Nairobi ikiuzwa kwa watalii kama kitambaa cha mezani. Yaani kitu cha kumsindikiza marehemu kimegeuka zawadi ya mtalii, afu yeye kakichukua kachora juu yake na matundu yake kayaacha hivyo hivyo. Ukishajua hilo huwezi tena kuuangalia ule mshono kama kasoro.

Mwingine Lubaina Himid, na huyu namuweka moyoni. Kazaliwa Zanzibar 1954, kapelekwa Uingereza akiwa mchanga baada ya baba yake kufariki. Mwaka 2017 alichukua Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na ni mwaka huo huo walipofuta sheria ya kuwakatalia wenye zaidi ya miaka 50. Himid ana michoro anayoipanga kama kanga, ina pindo, ina mji, na ina jina lake chini. Watazamaji wengi pale watasifia mpangilio wa rangi wapite, lakini sisi tuliokua tunasoma kanga mgongoni mwa mama zetu tunajua yale maneno ndo yanayobeba kanga, kanga bila jina ni kitambaa tu, kwahiyo tunaisoma kazi kuanzia pale wengine wanapoishia. Tafuta pia habari za Naming the Money ya 2004, watu 100 wa mbao wenye kimo cha mtu, ni wale watumishi Waafrika waliokuwa wanachorwa pembeni ya mabwana wa Ulaya bila majina, na yeye kampa kila mmoja jina lake.

Wa tatu Sungi Mlengeya, Mtanzania, wa 1991, alikuwa mfanyakazi wa benki akaacha 2018 ili achore. Anachora wanawake weusi kwenye weupe mtupu, na nguo walizovaa nazo nyeupe ile ile ya nyuma, kwahiyo unachoona ni ngozi tu, mikono, shingo, uso, na jicho lako linaimalizia nguo lenyewe. Inaonekana rahisi. Jaribu kuchora mkono ukiwa umeelea hewani bila bega kuonekana na bado mtu aamini kuna bega!

Na ukibahatika kukuta chungu cha Magdalene Odundo simama hapo hata robo saa. Kazaliwa Nairobi 1950, miaka ya sabini alikaa na wafinyanzi wanawake wa Abuja kule Nigeria akajifunza kwao, na mpaka leo hatumii gurudumu la kufinyangia, anapandisha udongo kwa mkono, anausugua mpaka unang'aa wenyewe. Rangi hapaki ya dukani, ni moto: hewa ikiingia vizuri chungu kinatoka cha machungwa, ikibanwa kinatoka cheusi. Vingine vina tumbo na shingo mpaka unajikuta umesogea pembeni kama unampisha mtu.

Wiki hiyo hiyo pia kuna Frieze pale Regent's Park, hiyo kubwa zaidi, ilianza 2003, na watu wa kiwango cha Himid na Armitage mara nyingi wanauzwa na galari za kule. Kama muda ni mdogo mi ningeanza 1-54.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mtu mzima, zamani tulikuwa tunajua sanaa ni mtu kachora au kachonga. Juzi kijana wangu kanionyesha kwenye simu vizibo vya chupa za pombe vimeshonwa vimetundikwa ukutani, ananiambia hiyo iko kwenye makumbusho makubwa duniani. Hivi hizo takataka nazo mnaziita sanaa au mnatuchezea?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hatuwachezei hata kidogo, na nashukuru umeuliza waziwazi maana wengi wanaogopa.

Uliyoyaona ni ya El Anatsui, Mghana wa 1944 aliyefundisha na kuishi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Na yeye mzee alianza kwa kuchonga mbao na kufinyanga kama unavyosema. Mwishoni mwa miaka ya tisini akaokota mfuko wa vizibo, akakaa nao muda mrefu hajui atafanya nini. Baadaye yeye na vijana wake wakawa wanavikandamiza, wanavikunja, wanavifunga kimoja kimoja kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, mpaka inatoka kama nguo ya kifalme. Swali sasa, kwanini vizibo vya pombe? Kwasababu pombe kali ndo ilikuwa moja ya bidhaa walizoleta Wazungu pwani ya Afrika Magharibi kubadilishana na watu, wakati wa biashara ya utumwa. Kile kizibo kidogo kinaunganisha mabara matatu. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho makubwa ya Venice kule Italia, kwa kazi ya maisha yake yote, na 2023 akatundika mapazia makubwa ajabu kwenye ukumbi wa Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya London. Na kitu kingine ninachompendea, kazi zake hazina umbo moja, anayeitundika anaruhusiwa kuikunja atakavyo, kwahiyo ukiiona leo na ukaiona tena mwakani si lazima iwe ile ile.

Yupo pia Ibrahim Mahama, Mghana wa 1987 kutoka Tamale. Yeye ni magunia. Magunia yanashonwa Asia, yanafika Ghana yanabeba kakao, yakichakaa yanabeba mkaa, na mwisho Mahama anakuja anampa mtu gunia jipya anachukua lile la zamani lenye viraka na majina ya wenyewe, anayashona pamoja anafunika jengo zima. Mwaka 2017 alifunika majengo ya lango la zamani kule Kassel, Ujerumani. Na pesa anazopata kajenga nazo vituo vya sanaa kwao Tamale, watoto wa shule wanaingia.

Na Gonçalo Mabunda wa Msumbiji, huyu mzee wangu nadhani atakugusa wewe zaidi ya kijana wako. Vita vya ndani vya Msumbiji viliisha 1992, silaha zikabaki zimezikwa kila mahali, na 1995 makanisa yakaanza mpango wa kuzikusanya, watu wanasalimisha bunduki wanapewa vitendea kazi, baiskeli, cherehani. Mabunda anachukua zile bunduki zilizokatwa na maganda ya risasi anachomelea viti vya enzi na vinyago. Ukikiangalia kiti unaona kabisa mtutu ndo umekuwa mguu. Angechonga kiti kile kile kwa mpingo kingekuwa kizuri pia, lakini kisingekuwa na hiyo habari ndani yake, na hapo mzee wangu ndo naomba unielewe, hawa hawajaacha kuchonga, wamebadilisha gogo.

SWALI: Dada mambo, nina akiba kidogo, nimesikia picha za hawa wasanii wapya zinapanda bei mara kumi. Ninunue ya nani nije niuze?

JIBU: Poa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwezi wa pili 2020 mchoro wa Amoako Boafo, Mghana anayechora nyuso kwa ncha za vidole, ulikadiriwa pauni 30,000 mpaka 50,000 kwenye mnada London, ukaondoka kwa 675,000. Watu wakachanganyikiwa. Lakini angalia vizuri: msanii hakuwa muuzaji, faida ilikwenda kwa aliyekuwa nayo mkononi. Bei ikirushwa hivyo kijana anabanwa achore haraka, watu wanaonunua ili wauze wanamzunguka, na siku wakihama bei inaanguka naye akiwa bado anatakiwa aishi miaka arobaini mingine. Boafo kasimama, wengi wengine walioimbwa miaka ile leo huwasikii. Ndo maana galari nyingi zinakuuliza wewe ni nani kabla hazijakuuzia, na nyingine zinakusainisha usiuze kwa miaka kadhaa bila kuwaambia kwanza. Nunua kitu ambacho hata kikikosa mnunuzi bado utafurahi kukiona ukutani kila asubuhi. Kama shida yako ni faida tu basi akiba yako iweke sehemu nyingine, sanaa iache.

SWALI: Bienale na haya maonyesho ni kitu kimoja?

JIBU: Hapana. Bienale, kama ya Venice iliyoanza 1895, ni ya kuonyesha, nchi na wasimamizi wanachagua, hakuna bei ukutani. Maonyesho haya ni biashara, galari inalipia banda lake na inataka irudishe hela yake, kwa kawaida nusu ya bei ni ya galari nusu ya msanii. Ila vinaongea. Uganda iliingia Venice kwa mara ya kwanza 2022 na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, wakatajwa kwa heshima maalumu na majaji. Kerunen anasuka na kushona ukili, nyuzi za mgomba na gome akishirikiana na akina mama wasusi, na 2024 akafuata Sanaa Gateja wa shanga za karatasi. Kwahiyo ukiona jina Venice, mwaka unaofuata liangalie mabandani.

SWALI: Dada naona aibu kuingia kwenye banda wakati sinunui. Naruhusiwa kuuliza bei? Na hao ambao hawajajulikana bado nawapataje?

JIBU: Unaruhusiwa, ingia kwa kujiamini, umelipa tiketi yako. Bei usipoiona ukutani iko kwenye karatasi mezani, omba. Kidoti chekundu maana yake imeuzwa. Wakikwambia imeshikwa, kuna mtu anafikiria. Picha za kamera zina namba, 2/5 ni nakala ya pili kati ya tano, hiyo namba uliza daima.

Kuwapata wapya, siku zile za mwanzo ni za waalikwa na wauzaji wana presha, nenda siku ya mwisho mchana, wamechoka, wamekaa, na mtu akiwauliza kitu tofauti na bei wanafurahi sana. Tafuta mabanda ya msanii mmoja, maana hapo galari imeweka imani yake yote kwa mtu mmoja na unaona kazi nane kumi pamoja badala ya moja moja. Art Basel wana sehemu inaitwa Statements ya wasanii chipukizi, kila banda mtu wake, na Frieze wana Focus ya galari changa. Mi huwa napita mara moja bila kusoma jina lolote, simu mfukoni, afu narudi kwenye zile tatu tu zilizogoma kutoka kichwani, hapo sasa nasoma kibao, jina, mwaka, vifaa, naandika kwenye daftari. Jioni naanza kuwatafuta mmoja mmoja, mtandaoni wengi wanajibu wenyewe.