Gari limenyonya, shimo limejaa tena: la kufanya kabla ya masika

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Naishi Sahare, Tanga, nyumba ya watu sita. Tuna mashimo mawili ya majitaka, la kwanza la kutuamisha uchafu na la pili la kunyonya, lenye futi 10 kwenda chini. Masika iliyopita choo kilirudisha maji mara tatu. Tuliita gari likavuta kama lita 8,000 kwenye lile la pili, na baada ya siku mbili likawa limejaa tena. Fundi wa mtaani anataka tulichimbe lifike futi 15. Jirani anasema nimwage magadi na mafuta ya taa, na mvua zikikolea tulitapishe usiku. Kisima chetu kiko kama hatua 12 kutoka shimoni. Nifanye nini kabla mvua hazijaanza?

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Pole kwa adha hiyo, na ahsante kwa kunitajia lita na siku, maana jibu limo humo humo.

Tuseme kila mtu nyumbani kwako anatumia lita 80 kwa siku. Watu sita ni lita 480, kwa siku mbili haifiki hata lita 1,000. Gari lilivuta 8,000. Hizo lita 7,000 nyingine zilitoka wapi? Hazikutoka chooni wala jikoni. Ziliingia kutoka ardhini. Shimo lako la kunyonya limezama ndani ya maji ya ardhi, na gari lingeweza kurudi kila siku masika nzima bila kulimaliza, kwa sababu lilikuwa linavuta maji yale yale yaliyomo kisimani mwako.

Sahare ni pwani. Chini ni mchanga na tumbawe, na maji ya ardhi yako karibu. Kuanzia Machi hadi Mei mvua huyapandisha, na kwa nyumba zilizo jirani na bahari hata bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida, husukuma maji ya visimani yapande. Kumbuka vizuri zile siku tatu choo kilipokurudishia: zilikuwa karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu? Kama ndiyo, hutahitaji ushahidi mwingine.

Kwa hiyo usichimbe futi 15. Shimo la kunyonya hufanya kazi pale tu penye udongo mkavu wa kuyapokea maji, na udongo huo kwako uko juu. Ukienda chini zaidi utakuwa umechimba kisima cha pili na kukipa kazi ya choo. Najua fundi wako anasema kwa nia njema, na huko Pongwe au Kange, palipoinuka, huenda ushauri wake ungefaa. Sahare haufai.

Pima kwanza, na pima sasa hivi kaskazi ikiwa bado inavuma. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, funga jiwe kwenye kamba, lishushe kisimani mpaka liguse maji, kisha pima kutoka usawa wa ardhi. Hicho ndicho kina cha wakati wa kiangazi, masika kitapungua. Angalia pia alama za maji kwenye ukuta wa kisima, au waulize wazee wa mtaa yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa. Tunachotaka ni sakafu ya mahali pa kunyonyea iwe juu ya usawa huo wa masika, ikiwezekana kwa mita moja na nusu. Sahare mara nyingi huipati yote, ila kila sentimita utakayoongeza ni faida.

Badala ya shimo refu, tengeneza mifereji ya kina kifupi. Upana sentimita 60, kina sentimita 60 hivi, chini unatandaza kokoto, juu yake bomba la inchi 4 lililotobolewa, kisha kokoto tena, viroba vya kuzuia mchanga usiingie, na udongo. Mchanga wa kawaida ukiuhesabia lita 30 kwa kila mita ya mraba kwa siku, lita zako 480 zinahitaji mita za mraba 16, yaani mfereji wa mita 27. Ugawe miwili, kila mmoja kama mita 13 na nusu. Juu panda majani. Hata migomba kando kando ni sawa, nayo inapenda maji hayo. Gari lisipite hapo kabisa. Ukipima ukakuta maji ya masika yanapanda mpaka yabaki pungufu ya mita moja kufika juu, mfereji hautatosha: itabidi uinue tuta la mchanga na upandishe maji kwa pampu ndogo. Ni gharama zaidi, sikufichi.

Shimo la kwanza sasa. Hilo linahitaji gari, lakini kwa wakati wake. Chukua mti mrefu, uviringishie kitambaa cheupe, uzamishe taratibu mpaka sakafuni, kisha utoe. Tope litaacha rangi nzito chini, na utando wa mafuta utaonekana juu. Vyote viwili kwa pamoja vikifika theluthi ya kina, mwite mtu wa gari, na umwite Februari. Uliza anakwenda kumwaga wapi kabla hujalipa. Akimaliza kuvuta, tazama kwa juu kama kuta zinatiririsha maji kuingia ndani. Kama ndiyo, plasta imekufa na inahitaji kurudiwa kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Hakikisha pia kiungo cha T kwenye tundu la kutokea kipo. Kikivunjika, mafuta na tope vinahamia kwenye mifereji yako mipya na kuiziba.

Likishavutwa, lijaze maji safi siku hiyo hiyo. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya pwani walikovuta tangi la plastiki katikati ya Aprili wakaliacha tupu. Usiku maji ya ardhi yalilinyanyua, mabomba yakakatika, na asubuhi mfuniko ulikuwa juu ya usawa wa kizingiti. La tofali haliibuki hivyo, ila sakafu inaweza kupasuka.

Na mama, nakuomba sana: asiingie mtu humo, hata akiangusha simu, hata kwa dakika moja. Gesi ya shimo inanuka kama yai viza mwanzoni, kisha pua inaacha kuisikia, na mtu anaanguka. Anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Kazi ya ndani waachie wenye vifaa vya kupumulia na kamba, na watu wa kuwashika juu.

Maji ya mvua yasikaribie kabisa. Bati la mita 10 kwa 12, ikinyesha milimita 50, linashusha lita 6,000, sawa na madumu 300 ya lita 20, au maji ya familia yako ya siku 12 kwa mvua moja. Gata na mtaro wa uani vielekezwe kwingine, na mifuniko ya chemba inyanyuliwe kidogo juu ya ardhi na kuzibwa pembeni. Bomba la kupumulia lifunge wavu mdogo, kwani mbu wanaozaliana mashimoni ndio wanaosambaza matende huku kwetu pwani.

Magadi na mafuta ya taa, usimwage. Uchafu unaliwa na vijidudu vilivyokuja nao wenyewe. Mafuta ya taa yanaviua, kisha yanasafiri hadi kisimani. Kutapisha ndiyo kabisa usifanye. Maji yale yatapita mlango wa jirani yako, na kipindupindu hakibagui.

Kinachonitia wasiwasi kuliko choo ni kisima. Hatua 12 ni kama mita 9, wakati tunahitaji angalau 30, na kwenye tumbawe lenye nyufa hata hizo 30 si dhamana. Kuanzia leo maji hayo yawe ya kudekia na kumwagilia. Ya kunywa, kupikia na kusafishia vyombo chukueni ya bomba, na yakikosekana chemsheni mpaka yatokote, au tieni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mifereji mipya ielekezwe upande ulio mbali kabisa na kisima, chako na cha jirani.

Ukishapima, niandikie vitu viwili: kina cha maji siku ya bamvua, na bomba la kutokea shimo la kwanza liko sentimita ngapi chini ya ardhi. Kwa hivyo viwili nitajua kama mifereji itatosha au tunainua tuta, na bado mtakuwa na wiki kadhaa za kuchimba kabla ya mvua.