Jibu kwa mleta mada: ilimba, sumaku na somo la Konono Nº1

Mkuu, umeuliza kama vijana wenu wa ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) wanaweza kupiga muziki wa kielektroniki bila kompyuta wala sintesaiza. Wanaweza kabisa. Mimi ni fundi mitambo hapa Dodoma, nimefunga maikrofoni za kujitengenezea kwenye ilimba za kundi moja, na walionifungua macho ni wanamuziki wa kundi la Konono Nº1 la Kinshasa.

Kundi hilo lilianzishwa miaka ya 1960 na mzee Mawangu Mingiedi, mtu wa kabila la Wazombo wa upande wa mpaka na Angola. Kinshasa ina kelele, na likembe ya mkononi, ndugu ya ilimba, haisikiki mtaani. Mzee akatoa sumaku kwenye vipuri vya magari mabovu, akazizungushia waya wa shaba, sauti ikatokea kwenye spika za honi, zile zenye mdomo mpana kama tarumbeta. Likembe zikawa tatu: nene, ya kati na nyembamba. Amplifaya zikazidiwa, zikakwaruza, naye akauacha mkwaruzo ule ufanye kazi yake. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Likembe tangu asili huvishwa vipete vya chuma kwenye vijiti ili ivume. Mkwaruzo wa umeme ukaongezea utamu ambao masikio ya wenyewe yalishauzoea. Albamu yao ya 2004, Congotronics, iliyosimamiwa na Mbelgiji Vincent Kenis, iliwafikisha kwa wapenzi wa muziki wa majaribio Ulaya.

Sasa kazi yenyewe. Vijiti vya ilimba ni vya chuma, na chuma kikitikisika mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Tafuta waya mwembamba kama unywele kutoka transfoma mbovu, uzungushe mara elfu kadhaa. Ikipungua, sauti itakuwa hafifu mno. Usichubue rangi ya waya ila kwenye ncha mbili za kulehemu. Funga chini ya vijiti, karibu na pale vidole vinapopiga, pasipo kugusana. Sumaku ikivisogelea vijiti mno itavivuta na tuni itaharibika. Kebo iwe ya maikrofoni, yenye wavu wa kukinga, la sivyo mtasikia mvumo wa umeme wa ukutani usiku kucha.

Watakaokushauri ubandike pizo (kidude bapa kinachogeuza mtikisiko wa mbao kuwa umeme) hawajakosea, ni rahisi. Ila pizo hubeba pia vishindo vya vidole na mbao, na mimi nautaka ule mlio wa chuma kitupu.

Wafanye mazoezi amplifaya ikiwa imewashwa tangu mwanzo, maana mkono hupiga tofauti sauti ikiwa kubwa. Honi zielekee watazamaji. Zikimwelekea mpigaji, vijiti huanza kulia vyenyewe. Kwenye kundi letu mpiga ilimba nene amelifanya hilo kuwa sehemu ya onyesho: anasogea mbele ya honi, ala inavuma bila kuguswa, anaiacha mpaka ngoma ziingie, ndipo anarudi nyuma kuanza wimbo.